Fukosi, Galaktosi na Damu ya Rubondo: Uhakiki wa Ushahidi kuhusu Glikani za Kingamwili katika UVIKO-19 Kali

Ikisiri

Tangu kuzuka kwa UVIKO-19, maabara kadhaa za Ulaya na Marekani zimeonesha kwamba minyororo ya sukari iliyoshikamana na kingamwili za aina ya IgG hubadilika kwa wagonjwa wanaozidiwa. Makala haya yanahakiki ushahidi huo kwa kuuliza unavyoweza kusomwa katika damu ya wakazi wa Rubondo, mojawapo ya kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na ya wagonjwa wanaopewa rufaa kwenda Mbarara. Inajadiliwa kwamba ushahidi wa fukosi una uzito kama maelezo ya namna ugonjwa unavyofanya kazi, lakini hautoshi kuwa kipimo cha kumpambanua mgonjwa mmoja na mwingine. Na kwamba ushahidi wa galaktosi, palipo na malaria na minyoo, hausomeki bila damu ya ulinganisho ya mahali penyewe. Makala pia yanalichunguza neno "sukari" linapoingia katika fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Utangulizi

Imunoglobulini G, kwa kifupi IgG, ina umbo la herufi Y. Mikono yake miwili hushika kirusi au kimelea, na shina lake huziita seli nyingine za kinga zije kuikamilisha kazi. Katika kila mnyororo mzito kati ya miwili inayounda shina hilo, kwenye asidi amino inayohesabiwa kuwa ya 297, umeshikamana mnyororo mfupi wa sukari uitwao glikani. Glikani hiyo ni sehemu ndogo sana ya kingamwili, lakini ndiyo inayoamua shina litaongea na seli zipi, na kwa ukali kiasi gani.

Sukari nne ndizo zinazotajwa zaidi katika maandishi ya uwanja huu: fukosi, galaktosi, asidi ya sialiki, na ile N-asetiliglukosamini inayokaa katikati ya matawi mawili ya glikani. Kwa mjadala huu mbili za kwanza zinatosha. Fukosi hukaa kwenye mzizi wa glikani. Isipokuwapo, shina la IgG hushikamana na kipokezi kiitwacho FcγRIIIa kwa nguvu inayoweza kuongezeka hadi mara 50, jambo lililooneshwa mwaka 2002 na baadaye likatumiwa kwa makusudi na watengenezaji wa dawa za saratani za damu. Galaktosi hukaa kwenye ncha. Hupungua mwili unapokuwa na uvimbe wa muda mrefu, na hupungua pia kadiri mtu anavyozeeka. Kundi la Oxford lilikwisha kuonesha mwaka 1985 kwamba IgG ya wagonjwa wa baridi yabisi imepungukiwa galaktosi. Kwa hiyo wazo kwamba glikani za kingamwili hutoa habari za ugonjwa si zao la UVIKO-19. Jipya ni dai kwamba glikani hizo zinaweza kutabiri nani atazidiwa na nani atapona akiwa kwake nyumbani, na dai hilo ndilo linalohakikiwa hapa.

Rubondo inayozungumziwa si kisiwa cha hifadhi kilichomo katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Ni kanda ya makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, makazi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja, wengi wao kutoka Kongo, na wengine kutoka Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia. Mgonjwa anayezidiwa hupelekwa Mbarara, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Mji huo si mgeni kwa utafiti: Epicentre, tawi la utafiti la Madaktari Wasio na Mipaka, limekuwa na kituo hapo tangu mwaka 1996. Uganda ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 21 Machi 2020.

Uzito wa ushahidi wa fukosi

Kazi tatu zinaubeba mzigo mkubwa wa hoja. Ya kwanza ni ya Mads Delbo Larsen na wenzake wa kundi la Gestur Vidarsson, Sanquin, Amsterdam, iliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2021. Ilionesha kwamba IgG zinazolenga protini za nje za virusi vyenye utando, kama vile VVU, saitomegalovirusi na SARS-CoV-2, huelekea kupungukiwa fukosi, ilhali zinazolenga kirusi kisicho na utando, parvovirusi B19, hazielekei huko. Kwa wagonjwa waliolazwa katika chumba cha mahututi, upungufu wa fukosi kwenye IgG za kuukabili mwiba wa kirusi ulikuwa mkubwa kuliko kwa walioumwa kidogo, na ulififia siku zilivyopita. Ya pili ni ya Saborni Chakraborty na wenzake wa maabara ya Taia Wang, Stanford, iliyotoka katika Nature Immunology mwaka huohuo ikiwa na matokeo yanayokaribiana na hayo. Ya tatu, ya Willianne Hoepel na wenzake wa Amsterdam, ilichukua IgG za wagonjwa mahututi na kuziweka pamoja na makrofaji, seli zinazolinda vifuko vya hewa vya mapafu. Makrofaji hizo zilitoa kemikali za uvimbe kupita kiasi, na kemikali hizo zikaidhoofisha kuta za mishipa midogo ya damu.

Kati ya tatu hizo, ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi, na sababu si ukubwa wa sampuli. Nguvu yake imo katika kueleza kwa nini. Kundi la Vidarsson lilikwisha kuona, kabla ya janga, kwamba kingamwili ambazo mama mjamzito hutengeneza dhidi ya chembe za damu za mtoto wake nazo hupungukiwa fukosi. Kinachoziunganisha hali hizi ni mahali kinga inapomkuta adui: juu ya utando wa seli ya mwenyeji mwenyewe. Maelezo ya aina hii yanaweza kujaribiwa kwa ugonjwa mwingine, na yakajaribiwa, kama itakavyoonekana.

Kazi ya Hoepel inataka usomaji wa tahadhari zaidi. Kichwa chake chenyewe kinataja mambo mawili kwa pamoja, wingi wa kingamwili na uchache wa fukosi, na waandishi hawakuficha kwamba uvimbe ulitokana na yote mawili. Wasomaji wengi waliofuata wamelikumbuka la pili na kulisahau la kwanza. Aidha, yaliyotokea katika vyombo vya maabara yaliwapa waandishi matumaini ya dawa: fostamatinibu, inayozuia ishara za vipokezi vya shina la IgG ndani ya seli, ilipunguza uvimbe huo. Jaribio la awamu ya tatu la dawa hiyo, lililotangazwa mwaka 2022, halikufikia kigezo chake kikuu cha kitakwimu. Hilo halivunji maelezo ya kibiolojia, ila linaonesha umbali uliopo kati ya kuelewa na kutibu.

Lipo pingamizi la msingi zaidi, la kipi kilitangulia. Mgonjwa aliyekwisha kulazwa ana uvimbe tayari. Haishangazi kingamwili zake zikifanana na uvimbe huo. Kundi la Stanford lilijibu pingamizi hili mwaka 2022 kwa kuwafuatilia watu walioambukizwa kabla hawajalazwa. Waliozidiwa baadaye walikuwa, mwanzoni kabisa, na kingamwili chache za kukizuia kirusi na sehemu kubwa zaidi ya IgG isiyo na fukosi. Jibu hili ni zuri. Hata hivyo limeletewa mashaka na utafiti wa chanjo. Van Coillie na wenzake walionesha mwaka 2023 kwamba watu ambao hawakuwahi kuambukizwa, walipopata chanjo ya BNT162b2, walitoa kwa muda mfupi IgG zisizo na fukosi, na hawakuugua. Waliokwisha kukutana na kirusi hawakuzitoa.

Matokeo haya ya chanjo yanastahili kupewa nafasi kubwa kuliko yanayopewa. Yanasema mambo mawili. Kwanza, IgG isiyo na fukosi peke yake si hatari. Huwa hatari inapokutana na kirusi kingi ndani ya mapafu. Pili, alama hii inategemea historia ya mtu na kirusi. Katika jamii ambamo wengi waliambukizwa bila dalili wala kupimwa, makundi ya "wageni wa kirusi" na "wenyeji wa kirusi" yamechanganyika pasipo mtu kujua nani ni nani. Kipimo kilichofanya kazi Amsterdam katika miezi ya mwanzo ya 2020, ambapo karibu kila mgonjwa alikuwa mgeni wa kirusi, hakiwezi kuhamishiwa Rubondo ya baada ya wimbi la 2021 kikabaki na maana ileile.

Damu yenye malaria na minyoo

Malaria ni ugonjwa wa kawaida Isingiro. Mwaka 2021, Larsen na wenzake waliyapeleka maelezo yao kwenye malaria kwa kutumia damu ya wanawake wajawazito wa Ghana. Kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya protini ambayo kimelea huiweka juu ya chembe nyekundu za damu zilipungukiwa fukosi. Kingamwili za waliochanjwa kwa protini hiyohiyo katika majaribio hazikupungukiwa. Upungufu uleule unaohusishwa na madhara katika UVIKO-19 huenda ni msaada katika malaria, kwa kuwa huziamsha seli za kinga ziitwazo NK ziishambulie chembe iliyoambukizwa. Hapa ndipo lugha ya "kingamwili mbaya", iliyoenea katika taarifa za habari za 2020 na 2021, inapokosa msingi. Kingamwili hupimwa kwa kazi iliyoitiwa.

Inafaa isisitizwe kwamba upungufu wa fukosi unaozungumziwa ni wa kingamwili mahususi, zile zinazolenga adui mmoja. IgG yote ya damu kwa jumla hubaki na fukosi kwa kiasi cha asilimia 94 hivi. Kwa hiyo malaria ya jana haiharibu moja kwa moja usomaji wa fukosi kwenye IgG za kuukabili mwiba wa kirusi. Ugumu upo katika mbinu: kutenga kingamwili mahususi na kuzipitisha kwenye spektrometa ya tungamo, mashine inayopambanua molekuli kwa uzito wake, ni kazi ghali kuliko kupima IgG yote kwa jumla, na penye fedha kidogo kishawishi huwa ni kupima jumla. Kipimo cha jumla kwa swali la fukosi hakisemi lolote la maana, na mshauri wa sera anayeletewa pendekezo la aina hiyo ana haki ya kulikataa.

Kwa galaktosi hali ni mbaya zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, wenye damu ya watoto 700 wa umri wa kwenda shule kutoka Gabon, Ghana, Ekuado, Uholanzi na Ujerumani, ulikuta galaktosi ya IgG1 ikiwa juu zaidi katika nchi tajiri na katika jamii za mijini. Vilipopimwa vigezo vyote pamoja, kilichobaki na nguvu ya kueleza upungufu wa galaktosi ni kuwapo kwa maambukizi ya vimelea. Ongeza kifua kikuu na VVU, ambavyo navyo huishusha galaktosi. Mkazi wa Rubondo anayefika kituo cha afya akiwa na homa na kikohozi anaweza kuwa ameanza safari na galaktosi iliyo chini ya ile ambayo tafiti za Ulaya zingeiita ya mgonjwa. Tafiti zilizohusisha galaktosi ya IgG yote na ukali wa UVIKO-19 zilisahihisha takwimu zao kwa umri na jinsia, kama ilivyo ada, ila minyoo haikuwamo katika hesabu kwa sababu katika damu hizo haikuwamo. Si kosa la waandishi. Linakuwa kosa la msomaji akiichukua namba yao kama kiwango cha binadamu wote.

Ukali, wakati na barabara

Neno "kali" katika tafiti hizi mara nyingi lina maana ya kulazwa katika chumba cha mahututi. Fasili hiyo inapima ugonjwa na vitanda kwa pamoja. Penye vitanda vichache, mgonjwa wa kiwango kilekile cha mapafu yaliyoharibika hubaki wodini, au kituoni, au nyumbani, na katika daftari la utafiti huandikwa kuwa hakuugua sana. Fasili ya Shirika la Afya Duniani, inayotumia oksijeni ya damu iliyo chini ya asilimia 90 kwa mtu anayevuta hewa ya kawaida, inaweza kutumika Rubondo na Mbarara kwa kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Utafiti wowote wa glikani unaopendekezwa kwa eneo hili ungepaswa kuanzia hapo.

Wakati nao una uzito uleule. Upungufu wa fukosi ni wa mpito. Huonekana zaidi IgG zinapoanza kutokea, kisha hufifia. Anayeishi Amsterdam na kuzidiwa siku ya nane hupimwa siku ya nane. Anayetoka Rubondo hupitia kituo cha makazi, husubiri gari la wagonjwa, kisha barabara ya kwenda Mbarara. Sampuli yake ya kwanza huweza kuchukuliwa wakati dirisha limekwisha kufungwa. Mtafiti asiyeandika siku ya dalili ya kwanza atahitimisha kwamba wagonjwa wa Nakivale hawana upungufu wa fukosi, kumbe alichopima ni ubovu wa usafiri. Na siku ya dalili ya kwanza si swali jepesi kuliuliza. Katika kaya yenye watu wanane na vikohozi vitatu, jibu hutegemea sana lugha ya anayeuliza.

Uganda ina uwezo wa kuanzia. Katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi, Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, kundi la Jennifer Serwanga liliwafuatilia Waganda walioambukizwa na kuchapisha mwaka 2023 kwamba IgG zao dhidi ya mwiba zilidumu hadi miezi 28. Kazi hiyo ilipima wingi wa kingamwili. Taasisi hiyohiyo ina watafiti waliochunguza kingamwili zinazozitambua sukari za kichocho miongoni mwa wavuvi wa visiwa vya Ziwa Victoria na wakazi wa mjini. Hilo ni swali jingine, la sukari ya adui na si sukari ya kingamwili, na mara nyingi mawili haya huchanganywa hata na wasomi. Lakini linaonesha kwamba kemia ya glikani si ngeni katika pwani ya Entebbe. Hatua inayokosekana ni fupi kuliko inavyodhaniwa: kuirudia damu ya aina hiyo kwa swali la pili, pamoja na damu ya watu wazima wasio na UVIKO-19 kutoka Nakivale yenyewe, iliyopimwa malaria na minyoo siku hiyohiyo.

Neno "sukari" katika fomu ya ridhaa

Utafiti ndani ya makazi ya wakimbizi nchini Uganda huhitaji kibali cha kamati ya maadili, cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Vyote hupatikana kwa Kiingereza. Ridhaa ya mtu mwenyewe haipatikani hivyo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Wakongomani wa Rubondo na majirani zao wengi, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kukipa nafasi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Fomu ya Kiswahili, kwa hiyo, ndiyo mahali ambapo sayansi hii yote hukutana na mwenye damu.

Mfasiri atakayeandika kwamba watafiti "wanataka kupima sukari iliyo kwenye damu yako" atakuwa amesema jambo ambalo kila msomaji ataelewa, na kila msomaji ataelewa vibaya. Katika eneo zima sukari ya damu ni ugonjwa wa kisukari. Hata Kiganda husema hivyo kwa neno hilohilo la kukopa. Mtu atakubali akidhani anapimwa kisukari, atasubiri jibu la kisukari, na asipoletewa atadhani amefichwa. Kosa hili lina uzito zaidi kwa kuwa kisukari chenyewe huongeza hatari ya kuzidiwa na UVIKO-19, na anayedhani amekwisha kupimwa hataenda kupimwa tena. "Glikani" haieleweki mara moja, na huo ndio ubora wake: inamlazimisha anayeeleza aeleze. "Kiambata cha kingamwili" ni njia nyingine, yenye hasara ya kutosema ni kiambata cha nini, ila haimpotoshi mtu.

Sitiari ya "askari wa mwili" nayo ihakikiwe. Vitabu vya shule vya Afrika Mashariki vimeizoea, na kwa mada hii inaelekea kufaa kupita kiasi: askari asiye na fukosi ni askari anayepiga bila kipimo, akaibomoa nyumba aliyotumwa kuilinda. Wengi wa wakazi wa Nakivale wamefika huko kwa sababu ya askari wa aina hiyo. Anayetoka Uvira au Bujumbura anaweza kuielewa sitiari hiyo haraka kuliko mwanafunzi wa udaktari, na kwa sababu hiyohiyo asitake kusikia kwamba amewabeba ndani ya mwili wake. Mfano wa kengele ya moto inayolia kwa sauti ya kupasua masikio unaeleza jambo lilelile bila bunduki.

Damu ina historia yake pia. Uvumi wa mumiani na wazimamoto wanaonyonya damu, ambao mwanahistoria Luise White aliufanyia kitabu mwaka 2000 kwa ushahidi uliokusanywa Uganda, Kenya na kwingineko, haukuwa upumbavu wa watu wasiosoma. Ulikuwa namna ya kuuliza damu inakwenda wapi na nani anafaidika. Swali hilo linajibika. Iwapo sampuli itapelekwa Leiden au Stanford kwa kuwa ndiko iliko mashine, fomu iseme hivyo kwa sentensi moja ya Kiswahili, itaje itarudi lini au kama haitarudi, na itaje kwamba matokeo hayatabadilisha matibabu ya mgonjwa huyo. Deksamethasoni, ambayo jaribio la RECOVERY la mwaka 2020 lilionesha kwamba hupunguza vifo vya wagonjwa wanaohitaji oksijeni, hutolewa kwa kutazama kipimo cha kidoleni, si glikani. Na mgonjwa wa Rubondo ana haki ya kuliambiwa hilo kabla sindano haijaingia.